Nani Kachomoa Taa Yangu?

Ukumbi wa watengeneza katuni ulikuwa na soketi moja tu iliyofanya kazi, nayo ilikuwa imelegea. Ndiyo maana mapenzi haya yalianzia chini ya meza.

Siku hiyo watu walijaa hadi koridoni. Hakuna aliyeajiriwa kati yao. Kila mmoja alitengeneza filamu zake nyumbani kwake, kisha akaja kuzionyesha na kubishana. Jamani, walivyojua kubishana! Huyu anaapa kwamba katuni ni ya kuchorwa kwa mkono, yule anamwambia aamke, dunia iko kwenye kompyuta, na chai inapoa hakuna anayekumbuka kuinywa. Katikati ya kelele hizo kijana mmoja mwenye shati jeupe, kola imepigwa pasi ikasimama, aliinama, akachomoa plagi aliyoikuta na kuchomeka yake.

Taa ya meza ya pembeni ikazimika.

"Nani kachomoa taa yangu?"

Msichana alikuwa amesimama nyuma ya kikaragosi cha udongo, gauni la njano, mikono imekunjwa hadi viwikoni, udongo umemkaukia kwenye kucha. Alikuwa akiwaonyesha watu anavyokisogeza kidogo, anakipiga picha, anakisogeza tena.

"Samahani, dada. Nilidhani haina mwenyewe."

"Taa inawaka, halafu haina mwenyewe? Inajiwakia?"

Watu wakacheka. Kijana akarudisha plagi, lakini hakuondoka. Alimtazama akifanya kazi, akashindwa kujizuia.

"Kikaragosi chako kinaruka sana. Ungetumia programu ya kujaza picha za katikati ya hatua na hatua, kingetembea laini kama maji."

"Wewe ulipokuja hapa ulitembea kama maji? Si umejikwaa kwenye waya wangu?"

Kuanzia siku hiyo wenzao walimwita kijana Laini, na yeye akamwita msichana Bi Udongo. Simu zikaanza. "Umekula?" "Nimekula." "Umeniota?" "Nani akuote wewe, utanichomolea usingizi!" Wakapendana, kweli kweli, mtu na kompyuta yake na mtu na udongo wake, na kila jioni walipokutana waligombania mambo ya picha na mwendo hadi mmoja alipomziba mwenzake mdomo kwa busu.

Bi Udongo alikuwa na mama, fundi cherehani. Miaka ya karibuni mkono wa kulia wa mama ulikuwa ukitetemeka, na alikuwa akiuficha kwa wateja kama mtu anayeficha mimba. Binti alipotaka kumtengenezea filamu, mama alikataa katakata.

"Watu wauone mkono huu? Thubutu!"

"Mama, nitakuonyesha ulivyo. Nakuahidi. Utajipenda."

Mama akakubali kwa shingo upande. Binti akafinyanga mwanamke mdogo wa udongo aliyeketi kwenye cherehani, akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mkono unatetemeka, uzi unapita pembeni. Anajaribu tena, unapita pembeni. Mwisho unaingia, na yule mwanamke anatabasamu peke yake. Ilimchukua miezi kuipiga picha, kidogo kidogo, akisikia mgongo unamkatika.

Sauti ndiyo hakuiweza. Akampa Laini filamu amwekee mlio wa cherehani.

"Sauti tu, mpenzi."

"Sauti tu, malkia wangu. Na zawadi kidogo. Usiitazame, utaiona ukumbini."

Masikini, alimaanisha mema! Aliipitisha filamu yote kwenye programu yake, ikajaza picha za katikati na kufuta kila kilichotikisika. Akaitazama akajisifu peke yake chumbani.

Siku ya onyesho mama alikuja na gauni la bluu alilolishona mwenyewe, akaketi mbele. Taa zikazimwa. Kwenye ukuta, mwanamke wa udongo alinyoosha mkono uliotulia tuli kama wa msichana, na uzi ukaingia kwenye sindano mara moja. Laini akapiga makofi. Bi Udongo akamgeukia mama yake.

Walipofika nje, mama alisimama. Akafunga mkoba wake polepole.

"Kumbe na wewe unauonea aibu."

"Mama, si mimi! Ni kompyuta ya yule..."

"Usinibembeleze, mwanangu. Nimeona kwa macho yangu."

Akaenda zake. Simu ya Laini ikalia kabla hajafika kwake.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimefanya nini tena? Nimemrembesha! Ile filamu ilikuwa inatetemeka, mpenzi."

"Anatetemeka YEYE! Ule ni mkono wake!"

Laini alisimama katikati ya barabara, magari yanampigia honi, na hakuyasikia.

"Sikujua. Mpenzi wangu, haki tena sikujua."

"Hukuuliza. Tangu siku ya kwanza huulizi, unachomoa tu. Mpenzi wako ni hiyo programu. Kaoane nayo." Akakata.

Laini alipiga, simu haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Alikonda hadi kola ya shati ikampwaya. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kuachwa. Ni kwamba kuna mama mahali fulani anaamini mtoto wake anamwonea aibu, na aliyemwaminisha hivyo ni yeye. Asubuhi moja akavaa shati, akaenda dukani kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nguo?"

"Nimeleta kosa." Akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia. "Hii ndiyo filamu ya binti yako, kabla sijaiharibu. Yeye hakubadilisha hata kidole. Ni mimi, tena sikumwomba ruhusa."

Mama alivaa miwani. Aliuona mkono ukitetemeka, uzi ukipita pembeni, mara ya kwanza, mara ya pili. Ulipoingia, alicheka kwa sauti, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Hata kuuma ulimi ameniweka! Kumbe naumaga ulimi?" Akachukua simu. "We binti! Kuna kijana hapa amekalia vitambaa vya wateja, analia kuliko mimi. Njoo umtoe. Na mimi uje unisamehe."

Binti alikuja. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, asimtazame kijana hata kidogo. Akamwambia mlangoni tu: "Ukumbini. Mbele ya wote."

Jumamosi iliyofuata Laini alisimama mbele ya wabishi wote, kijasho kinamtoka.

"Niliwaambia mwendo ukiwa laini ndio mzuri. Nikaulainisha mkono wa mtu bila kumwuliza. Leo tazameni wenyewe."

Filamu ikaonyeshwa. Uzi ulipokosea, ukumbi mzima ukaguna. Ulipoingia, walishangilia kama bao limefungwa, na mama akamgeukia jirani yake wa kiti, mtu asiyemjua.

"Huyo ni mimi," alisema, akiuinua mkono wenyewe ili auone.

Watu walipoanza kutawanyika, Laini alikwenda kwenye meza ya pembeni. Bi Udongo alikuwa amewasha taa yake.

"Naomba kukuuliza kitu," alisema Laini.

"Leo unauliza? Kweli kumekucha."

"Naomba nikuoe."

Bi Udongo akaisogeza kamera yake karibu. Akafungua kisanduku, akatoa vikaragosi viwili: msichana wa gauni la njano, na kijana wa shati jeupe, masikio makubwa.

"Nilikufinyanga kabla hujaniudhi. Nikataka kukuponda, nikashindwa." Akawasimamisha mbele ya kamera. "Jibu langu litatoka hapa. Tulia."

Akakigusa kichwa cha msichana wa udongo, kikainama kidogo sana. Akapiga picha.

"Hiyo ni ndiyo, au anatikisa kukataa?"

"Tulia, nimesema."

"Mwanangu," mama akaita kutoka mlangoni, "mjibu huyo mtoto wa watu, miguu inaniuma!"

Akakigusa tena. Mara taa ikapepesa, ile soketi mbovu. Laini akapiga magoti haraka chini ya meza, akaishikilia plagi kwa mikono miwili, na hapo alibaki, shati jeupe kwenye vumbi, bila kuona kitu zaidi ya viatu vya mpenzi wake.

"Kichwa kimefika wapi?" aliuliza.

"Kinashuka, mpenzi," alisema Bi Udongo, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. "Usiachie."