Faili Lililorudi Limenenepa

Jumatatu ile faili lilirudi likiwa kubwa kuliko lilivyowekwa, na Torgeir Lillebø akadhani ni macho yake yamechoka.

Kazi yake ilikuwa kutunza nakala. Kampuni ya bima ilikuwa na kumbukumbu za miaka arobaini, zote zimelala ndani ya mlima, kwenye kumbi zilizochongwa mwambani, kaskazini kabisa mwa Norwe, ambako Desemba jua halichomozi. Humo mlikuwa na kabati refu la kanda za sumaku, na ndani ya kabati mkono wa chuma uliokwenda kwenye reli, kuchukua kanda na kuipeleka isomwe. Sasa wakubwa wa Oslo walitaka kujua: kanda zibaki, au kila kitu kihamie kwenye diski mpya? Torgeir akapewa wiki tatu za majaribio, peke yake. Jaribio lenyewe halikuwa na ujanja wowote. Unachagua faili la zamani, unalirudisha kutoka kwenye kanda, unalinganisha na lilivyowekwa. Likirudi vilevile, mfumo umefaulu. Likipungua, umefeli. Lakini kuzidi? Miaka thelathini na moja kazini, hakuwahi kuona kitu kimezidi.

Lilikuwa faili la sauti, la simu za kampuni za mwaka 2004. Alijidanganya kwamba amelichagua kwa kubahatisha. Mwaka huo aliyekuwa akipokea simu ni Gunnvor, mkewe, na Gunnvor alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa.

Kabla ya kuligusa alifanya wanachofanya watu wote wa kazi hii, bila hata kufikiri: alinakili. Nakala moja kwenye diski ya mlimani, nyingine akaituma Oslo kwa Ragnhild Tveitan, msimamizi wa majaribio. Kisha akampigia.

"Limezidi?" Ragnhild alicheka. "We Torgeir, huko gizani mnakunywa nini?"

"Kahawa tu. Angalia mwenyewe."

"Nitaangalia. Niko hapa hapa ofisini, nirudi nyumbani kufanya nini?" Baba yake alikuwa amefariki Pasaka, na tangu hapo Ragnhild alikuwa mtu wa mwisho kutoka kila siku. Torgeir alilijua hilo. Hakujua la kumwambia, akaaga.

Saa tano ya mchana alifungua mkate wake na jibini la kahawia, akavaa spika za masikioni. Zikapita simu za wateja, gari limeteleza, paa limeanguka kwa theluji. Gunnvor akajibu kila mmoja kwa upole. Faili lilipofika mwisho wake wa kweli, halikukatika. Ikasikika pumzi. Kisha ile sauti, karibu kabisa na sikio:

"Dubu, umekula?"

Mkate ulimponyoka. Dubu ndilo jina ambalo Gunnvor alimwita yeye, na kila siku saa tano alikuwa akimpigia kwa simu ya ndani ya ofisi kumuuliza hivyo hivyo. Lakini ile simu ya ndani haikuwa ikirekodiwa. Haikurekodiwa hata siku moja.

Mwenye akili zake angekimbia. Torgeir alilia kwa furaha. Alikuwa hajaulizwa kama amekula tangu mazishi.

Kesho yake alilirudisha tena kutoka kwenye kanda, na keshokutwa yake pia. Faili lilinenepa kila siku, na kila siku Gunnvor alisema zaidi: safari yao ya boti, koti jekundu alilonunua Tromsø, siku walipogombana kwa ajili ya pazia wakaishia kucheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ukumbi ukaanza kunuka kahawa ya kuchemsha na sufu iliyolowa, harufu ya Gunnvor akitoka kwenye theluji, hapo mahali ambapo hewa huchujwa hadi inakosa harufu kabisa. Na mkono wa chuma kabatini ukawa unatembea wenyewe, taratibu, bila kazi yoyote kwenye foleni, ukifika usawa wa kiti chake unasimama.

Siku ya nane alimkuta Aslaug njiani. Bibi huyu alizitunza kanda kabla yake, sasa amestaafu, anakaa chini ya mlima.

"We kijana, mbona umekonda?" alimuuliza, ingawa kijana mwenyewe ana miaka hamsini na minane. "Gunnvor angekuona hivyo angekuchapa na lile koti lake jekundu."

"Koti gani?"

Aslaug alisimama. "Koti gani? Alilivaa miaka kumi, Torgeir!"

Torgeir alilitafuta koti kichwani mwake, asilione. Alijua limesemwa kwenye faili, maneno aliyasikia, lakini picha yenyewe haikuwepo, pamebaki patupu.

Usiku ule hakulala. Asubuhi akachukua kalamu, akaandika karatasini mambo kumi kuhusu mkewe, akaiweka mfukoni. Akaenda kusikiliza. Alipomaliza akaisoma. Mambo matatu yalikuwa kwa mwandiko wake, na hakuyajua. *Aliogopa bata bukini. Aliimba akikanda unga. Alinishika mkono kwenye ambulensi.* Ambulensi gani?

Hapo ndipo alipoelewa, na alielewa kama mtu wa kazi yake, kwamba kunakili ni kitu kimoja na kuhamisha ni kingine, kwamba ukinakili pande zote mbili hubaki nacho na ukihamisha upande mmoja hubaki mtupu, na kwamba kilichokuwa kikizidi kule ndani ya kanda kwa siku zote hizo kilikuwa kikipungua kwake, na yeye alikuwa akikaa pale na mkate wake, akitabasamu, akijimimina.

Alimfuata Aslaug, akamweleza yote.

"Ni wale wa chini ya ardhi," Aslaug alinong'ona. "Wasio na sura yao wenyewe. Waliopasua mlima hawakuwaomba ruhusa, na wao hawakuhama. Mmoja wao yumo ndani ya kanda yako. Nakala zake ngapi?"

"Moja mlimani. Moja Oslo."

Torgeir alimpigia Ragnhild hapo hapo. "Lile faili, lifute. Usilifungue. Tafadhali, nakuomba."

"Nimefuta," Ragnhild akasema. "Usijali."

Wakaingia mlimani wote wawili. Nakala ya diski ilifutika mara moja. Ikabaki kanda yenyewe. Torgeir aliitoa kabatini. Ilikuwa ya moto kama mkate uliotoka kwenye jiko. Palikuwa na mashine ya sumaku ya kufutia kanda, nayo ikishafuta, hakuna kinachorudi.

"Ukiifuta," Aslaug alisema, "alichokula kinakwenda nacho. Hutakipata."

"Na nisipoifuta?"

"Atamaliza kilichobaki. Chagua mwenyewe, mwanangu. Mimi siwezi kukuchagulia."

Aslaug alichomoa kisu cha chuma, akakirusha juu ya kanda kikaanguka upande wa pili, kama walivyofanya bibi zake wakitaka kumfunga mtu wa chini ya ardhi mahali alipo. Mkono wa chuma ukaanza kugonga kioo cha kabati kwa ndani, ukigonga na kugonga, na harufu ya sufu ikageuka kuwa ya kitu kilichooza majini, na kutoka kwenye spika zilizolala mezani, zisizounganishwa na chochote, sauti ya Gunnvor ikalia kwa uchungu ambao Torgeir hakuwahi kuusikia kwake alipokuwa hai:

"Dubu! Dubu wangu, usinifanyie hivi!"

Torgeir akajiuliza Dubu ni nani.

Akabonyeza kitufe.

Kimya kikarudi. Hewa haikuwa na harufu. Aslaug akamshika bega, akamwacha alie, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa ajabu, maana hakujua vizuri anachokililia. Nyumbani aliibandika ile karatasi kwenye friji. Jambo la kumi alikuwa bado analo: *alicheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe.* Alilirudia mpaka asubuhi.

Taarifa yake ilikuwa fupi. Kanda zichomwe, kila kitu kihamie kwenye diski mpya. Wakubwa walifurahi.

Ilipofika Januari, jua lilipochomoza kwa dakika chache za kwanza, Ragnhild alipiga simu. Sauti yake ilikuwa changamfu, ya mtu aliyepata usingizi baada ya miezi mingi.

"Torgeir, usinikasirikie. Nilikudanganya. Lile faili nilikuwa nimeshalifungua siku ile uliponitumia."

Torgeir aliketi chini.

"Ni baba," alisema Ragnhild. "Sijui imekuwaje, lakini ni baba kabisa. Kila mchana ananiuliza kama nimekula."

"Ragnhild, nisikilize. Baba yako alikuwa na kazi gani?"

Alimsikia akivuta pumzi kujibu. Akasubiri. Nyuma ya Ragnhild, mbali, mwanamume mzee alikuwa akikohoa.

"Ngoja," alisema Ragnhild, akicheka kidogo. "Ngoja nimuulize."