Aliyeungua Chini ya Sinki

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ungeweza kusema ni paka aliyekanyagwa mkia huko nje, au ni bomba kuukuu linalolalamika kama wazee wote wanavyolalamika. Lakini Mgeni, ndivyo binamu yake alivyozoea kumwita hata mbele za watu, alikuwa amesimama na sufuria tupu mikononi, mvuke wa maji ya viazi ukimpanda usoni, na alijua kabisa kwamba kilicholia kimelia ndani ya tundu la sinki, na kwamba kimelia kama mtoto.

Ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu azaliwe, kumwaga maji yanayochemka bila kutoa taarifa.

Kwao hakuna anayethubutu. Unasogea penye mfereji, unasema, "Bismillahi, pisheni, maji moto," unasubiri kidogo, ndipo unamwaga. Maana walio chini nao wana nyumba zao, wana wazee wasioona vizuri na watoto wanaotambaa. Si uchawi. Ni adabu, kama kupiga honi kwenye kona. Basi alipopata kazi ya kuosha masufuria katika kantini ya kiwanda, nchi ya watu, Mgeni aliendelea na adabu zake, na wiki haikuisha kabla jiko zima halijaanza kumwigiza. Mkata mboga alikuwa akiinamia sinki na kubwabwaja maneno yasiyokuwa lugha yoyote, huku wenzake wakishika mbavu. Mpishi mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya ila hakuwa na muda, alimuuliza anaongea na nani humo.

Aliyekasirika hasa ni binamu yake, aliyemtangulia ugenini miaka mingi na ndiye aliyemtafutia kazi. Moyoni Mgeni alimwita Bi Huku, kwa kuwa kila sentensi yake ilianza na neno hilo. Huku hatuchelewi. Huku hatusalimii kila tunayekutana naye. Huku hatucheki hivyo, kama tunanadi mitumba.

"Huku hatuongei na sinki," alimwambia walipofika nyumbani. "Unanitia aibu, mdogo wangu. Watadhani ukoo mzima una wazimu."

"Dada, ni maneno matatu tu."

"Hayo hayo matatu yatakurudisha kwa mama yako. Bado uko kwenye majaribio. Mwanao unamtaka aje au humtaki?"

Hapo Bi Huku alipajua pa kushika. Mgeni alikuwa amemwacha binti yake kwa bibi, mtoto wa miaka sita mwenye pengo la meno ya mbele, na hakuna ambaye angemruhusu kumleta kabla hajathibitishwa kazini. Kesho yake akayameza maneno yake matatu, akamwaga.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nywele zilizoungua, na juu yake maziwa yaliyochacha, kana kwamba mtu amembabua mbwa kisha akamwogesha kwa mtindi. Ilimfuata kutoka kazini, ikapanda naye ngazi, ikaingia naye katika vile vyumba viwili alivyoishi na binamu yake. Akaoga. Akaoga tena. Harufu ikatulia kwenye taulo.

Kisha chujio la sinki la nyumbani likaanza kukusanya utando, mweupe, laini, wenye mikunjo kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Mgeni aliushika kwa vidole viwili akauvuta. Ulitoka mrefu, vuguvugu, ukinyumbuka bila kukatika, na mwishoni mwake ulikuwa umeshikilia kucha. Ndogo kuliko punje ya mchele.

"Mabomba ya zamani," alisema Bi Huku bila kusogea karibu.

"Mabomba yana kucha?"

"Huku yana kila kitu. Tupa, tule."

Hawakula. Chai ilishika ngozi kabla haijafika mdomoni. Mswaki wa Mgeni aliukuta umelowa kitu cha manjano, kizito, chenye chembe za damu, na alikitambua kuwa ni usaha baada ya kuwa umeshamgusa ulimi. Mkate, ukiukata, ulitoa majimaji kama lengelenge. Kazini mkata mboga hakuigiza tena. Alihamisha ubao wake hadi upande wa pili wa jiko na kujifunga kitambaa puani. Siku moja, hata chakula cha mchana hakijatolewa, mpishi mkuu alimwita pembeni, macho yakimtoka machozi kama aliyekata vitunguu.

"Nenda nyumbani. Kesho ukija na harufu hii, basi usije."

Alirudi njia nzima akimwona binti yake amekaa kibarazani kwa bibi, viatu vya safari miguuni, akingoja. Akafungua mlango polepole, kwa unyonge tu, si kwa hila. Ndipo aliposikia mtu ananong'ona jikoni.

Bi Huku, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, alikuwa amejikunja juu ya sinki, sufuria ya maji ya moto mkononi, matako juu, mdomo karibu na tundu.

"Bismillahi, pisheni, maji moto," alinong'ona. "Watoto kando, jamani. Kando kabisa. Tafadhalini."

Mgeni aliacha mkoba udondoke.

"Dada!"

Bi Huku alishtuka, maji yakammwagikia kidole. Hakuna aliyemcheka.

"Umeanza lini?" aliuliza Mgeni.

"Sijaanza." Alikitia kidole mdomoni kama mtoto. "Sijawahi kuacha."

"Miaka yote hii? Na mimi ukanikataza!"

"Nilikukataza kusema kwa sauti! Nilikwambia uache kabisa? Mtu mzima hujui kunong'ona?"

"Ulisema huku hatufanyi!"

"Mbele yao hatufanyi! Maskini mimi, kumbe ulinisikiliza."

Ndani ya tundu kitu kikashusha pumzi ndefu yenye makohozi, na harufu ikajaa jikoni hadi wakaionja.

Walimpigia simu mama yake Mgeni. Nyuma ya sauti ya mama alisikika binti akiimba wimbo wa kuruka kamba, na Mgeni alilia kidogo kabla hajaweza kusimulia. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Umemuunguza mtoto wa watu," alisema. "Sasa, umekwenda kutoa pole?"

"Pole, mama? Kwa majini?"

"Kwani utu umeuacha uwanja wa ndege? Ungemuunguza mtoto wa jirani ungejifungia ndani ukilalamikia harufu? Nenda kaombe radhi, ukaulizie hali ya mgonjwa. Na mama yake akikukabidhi mgonjwa, pokea."

Jioni ile ile, taa zikiwa zinawaka, walisimama mbele ya sinki na chupa ya asali na kitambaa safi, Bi Huku akiwa nyuma kama mtu anayesindikizwa polisi. Mgeni akainama. "Hodi," alisema. "Nimekuja kutoa pole. Nilikosa."

Chujio likainuka lenyewe, na kutoka tunduni, ambamo hata kijiko kisingepita, vikatoka vidole, virefu, visivyo na mifupa, vyenye nywele zilizolala kwa unyevu kama mwani, vikafuatwa na kiganja, na kiganja kikafuatwa na mkono uliojikamua na kujikamua kama dawa ya meno mpaka ukajaza beseni lote na kumshika Mgeni shingoni, bila kumkaba, kama mama anavyoishika shingo ya mtoto anayetaka kumhoji.

"Mdomo unao?" iliuliza sauti toka chini, sauti ya mwanamke aliyechoka kwa kukesha.

"Ninao."

"Kilichokushinda kusema ni nini?"

Mgeni angeweza kutaja kazi, au binamu, au mwanawe. "Niliwaonea haya watu," alisema.

"Haya zako zimemchuna mwanangu. Muuguze. Na usikunje uso."

Mkono wa pili ukamweka mgonjwa ndani ya sinki, naye alikuwa mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, na kama kuku aliyenyonyolewa ndivyo alivyokuwa mwili mzima, mwekundu, wenye vinyweleo vilivyoungulia ndani ya ngozi, ngozi yenyewe ikimning'inia mapajani kwa vipande kama soksi zilizolegea, malengelenge yakipasukiana kila alipovuta pumzi na kutiririsha ule ule umanjano ambao Mgeni alikuwa ameuonja kwenye mswaki wake. Bi Huku alitapikia ndoo ya taka. Mgeni akaukaza uso usikunjike, maana mkono shingoni ulikuwa unasubiri tu akunje uso. Akachovya vidole kwenye asali, akampaka, na nyama ikateleza chini ya vidole, na kile kitoto kikageuza kichwa, kikakitafuta kidole chake, kikakinyonya.

Tangu siku hiyo alimuuguza kila alipotoka kazini. Harufu ilimwacha. Mkate ukawa mkate. Mpishi mkuu alimthibitisha kazini na hata kumsifu kwa usafi, na Mgeni akitaka kumwaga maji ya moto alisema maneno yake kwa sauti, waziwazi, na aliyetaka kucheka acheke. Mkata mboga alijaribu mara moja.

"Mwache," alisema mpishi mkuu. "Tangu arudi kuongea na hilo sinki, halijaziba hata mara moja."

Kitoto nacho kilipona. Kiliota ngozi mpya, ya kijivu, nyororo kwa namna iliyochukiza kuliko vidonda. Ila siku moja Mgeni alipobisha hodi hakuna mkono uliotoka. Aliita. Aliita kwa heshima zote anazozijua. Mama mtu alikuwa amehama, kimya kimya, kama wapangaji wanaodaiwa, na kitoto kilikuwa kimejikunyata kwenye kabati chini ya sinki, kinamtazama.

"Huku wanaviita yatima," alisema Bi Huku, kisha akajuta kusema chochote.

Binti alifika siku yenye jua. Alikuwa amerefuka, pengo limeota meno. Walikumbatiana mlangoni mpaka Bi Huku akaanza kupangusa macho na kulaumu vumbi. Mgeni alimbeba hadi jikoni, mzito, mwenye harufu ya mafuta ya nazi ya bibi yake, akamketisha mezani amkatie mkate.

Kabati likafunguka kwa ndani.

"Mama," alinong'ona binti, "nani huyo?"

Kabla Mgeni hajajibu, kilichokuwa humo kilijibu, kwa sauti ya binti yake mwenyewe, bila kukosea hata kidogo:

"Na wewe nani? Huyu ana mtoto tayari."

Mgeni akafungua mdomo. Mdomo alikuwa nao. Lakini alichokisikia kwanza ni ubaridi kifuani, akainamisha macho. Maziwa, yaliyokuwa yamekauka tangu binti yake alipoachishwa, yalikuwa yanapenya blauzi, mazito, ya manjano, na mwili wake wote ulikuwa unaelekea kwenye kabati.