Maua Yanayoita Nzi

"Teremka tuongee, Muindi."

"Ongea tu, nasikia."

Nakhumicha aliegemea ngazi. Alikuwa ametoka Mumias kwa basi la usiku, akaja moja kwa moja hadi mtaa wa Karen, kwa tajiri ambaye Muindi, mchumba wake, alimtunzia bustani. Jana wazazi wa Nakhumicha walimngoja Muindi mpaka jua likatua. Hakufika, na simu alikuwa ameizima.

"Mama alichinja kuku tatu. Wajomba wakakuja. Nikawaambia uko njiani."

"Okidi ilifunguka jana asubuhi, Nakhu. Ningefanya nini?"

Kwenye tawi mbele ya Muindi palikuwa na okidi ya porini, maua yake madogo, mekundu kama ini. Yalinuka nyama iliyooza. Nzi walijaa.

"Hawapati chochote humo," alisema Muindi. "Wanapakwa chavua tu, wanaipeleka kwa ua lingine. Inachanua siku tatu kwa mwaka. Kuna mtafiti wa mimea aliyeniomba nihesabu nzi."

"Hii ni mara ya pili unakosa kuja kwetu."

"Najua."

Simu ililia ndani ya koti la Muindi, lililoning'inia kwenye ngazi.

"Nishikie, ni mtafiti. Mwambie bado wanakuja."

Nakhumicha akapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Baba Ryan?"

"Hapana. Mimi ni Nakhumicha, mchumba wake."

"Mimi ni Kavutha, bibi yake. Niko Machakos na watoto. Umejua leo?"

"Sasa hivi."

"Alikuambia alikuwa wapi wikendi hii?"

"Kwa maua."

"Hata Pasaka hakuja nyumbani. Aliniambia hivyo hivyo."

"Pasaka alikuwa kwangu, Kangemi."

Kavutha akashusha pumzi. "Pole, dada," akasema, akakata.

Muindi alikuwa ameshateremka. Nzi mmoja alitembea mkononi mwake, hakumfukuza.

"Ningekuambia, Nakhu."

"Lini?"

Nakhumicha alitaka kupiga kelele, lakini alikuwa amechoka mno. Akairudisha simu kwenye koti, akatoka nje ya geti. Akaketi kando ya barabara, akampigia mama yake.

"Mama, msimngoje tena. Ako na bibi na watoto."

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Hawa wajomba nitawaambia mimi."