Rangi ya Bluu Mgongoni

"Wale ng'ombe kumi na wawili wa mwisho, uliwachoma sindano au hukuwachoma?"

Mpenzi wangu aliniuliza kwenye korido ya hospitali, mchana kweupe, aproni ya bucha bado kiunoni. Nyuma ya mlango mama yake alikuwa siku ya nne anaharisha damu, na figo zilishaanza kugoma.

Mimi ni mchanjaji wa ng'ombe wa nyama. Chanjo hii inapunguza bakteria wanaokaa tumboni mwa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hawamsumbui, wanamuumiza anayemla. Sindano ni mbili, na aliyemaliza zote nampaka rangi ya bluu mgongoni. Bucha la kwao lilinunua wenye rangi yangu tu, kwa kuniamini.

"Mpenzi, kaa kwanza..."

"Usiniite mpenzi. Nijibu."

Uongo ulishafika mdomoni. Daktari mwenyewe alisema chanjo haimalizi bakteria wote, na nyama ile mama aliila haijaiva vizuri. Nani angejua?

"Sikuwachoma. Niliwapaka rangi tu."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Nikatoa simu nikamwonyesha ujumbe wake wa siku ile ya chanjo: "Leo ukichelewa tena, mimi na wewe basi."

Akausoma taratibu.

"Kwa hiyo mkosaji ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

"Umeniwekea simu usoni, umesema nini basi?"

Nikairudisha simu mfukoni.

"Ungenipigia ukaniambia umekwama zizini, ningekununia siku mbili, yakaisha. Unajua siku ile ulivyowahi nilimwambia mama nini? Nilimwambia, huyu sasa ananijali."

Jamani, bora angenipiga kofi.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa bosi, nikasema yote. Ng'ombe waliobaki wakachomwa upya, na mtu mwingine. Kazi yangu ikaota mbawa. Hilo sikulilia. Nililia kwa sababu nilimpenda yule binti, na nusu saa tu ya uvumilivu ingetosha.

Baada ya miezi miwili simu ikalia. Ujumbe wake!

"Mama ametoka hospitali. Anasema amekusamehe, na anakusalimu."

Nikaandika: "Na wewe?"

Nilisubiri hadi chai ikapoa.

"Mimi nilitumwa salamu tu."