Hatua za Evaristo

Jumamosi ile uwanja wa Ciudadela ulifurika watu. Bendi ilikuwa imepamba moto, wazee wamevalia kofia zenye unyoya, na Eréndira Zúñiga, mshona mapazia, mjane wa miaka arobaini na saba, aling'ara katika gauni la kijani lililomkaa barabara. Kiunoni alikuwa amebana kidude cheusi. Daktari alimwambia atembee, na yeye kutembea hakupendi, anapenda danzoni, ile dansi ya taratibu ya wawili wawili. Basi akavaa kihesabu hatua akaenda kucheza.

Katikati ya wimbo kikadondoka. Mwanamume mrefu mwenye masharubu akakiwahi kabla hakijakanyagwa.

"Bibie, saa yako hii."

"Si saa. Kinahesabu hatua zangu."

"Ala! Na zile nitakazocheza na wewe sasa hivi, tutamwandikia nani?"

Mwanamume mjuvi! Eréndira alitaka kukasirika, akajikuta amempa mkono.

Jina lake Evaristo, fundi wa lifti. Wiki haikuisha naye akanunua kihesabu chake, wakaviunganisha kwenye simu, kila mmoja akawa anaona hatua za mwenzake.

"Leo umekaa kama gunia la mahindi, mpenzi!" Eréndira alimpigia kumchokoza.

"Nilikuwa nimening'inia ndani ya lifti, roho yangu. Kuning'inia hakuhesabiwi."

Mvua za Juni zilipoanza, Evaristo akapiga simu kuwa kampuni imempeleka mji wa mbali, Querétaro, kwa miezi kadhaa. Hakuja hata kuaga. Lakini alipiga kila jioni, na hatua zake zilionekana kila siku, Eréndira akazisifu: "Hongera, kipenzi, leo umetembea mpaka nimechoka mimi!" Evaristo alicheka kicheko kifupi, akabadilisha mazungumzo.

Oktoba ikafika, masoko yakajaa maua ya rangi ya chungwa ya sikukuu ya wafu. Jioni moja Eréndira alifungua simu, akaikazia macho. Hatua za Evaristo zilipanda kidogo, zikasimama. Zikapanda, zikasimama.

Mtu mwingine asingeona kitu. Ila mcheza danzoni anajua: ule muziki wa mwanzo ukirudi, watu huacha kucheza, husimama bega kwa bega, mwanamke akajipepea, wakangoja. Anayecheza hapo huchekwa uwanja mzima. Hakuna binadamu anayekwenda dukani kwa mwendo huo. Evaristo alikuwa anacheza, na danzoni haichezwi na mtu mmoja.

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nimejilaza, kipenzi. Nimechoka sana leo."

Nyuma ya sauti yake klarineti ilikuwa inalia. Eréndira alikata simu. Miezi yote hii! Mwanamke mwingine angelia. Huyu alivaa viatu, akachukua pepeo la hariri alilopewa na Evaristo, akashika njia hadi mtaa wa Portales, kwa Chayo, dada yake Evaristo, aliyekuwa akiishi naye. Amwachie huko pepeo lake, atafute mwingine wa kumpepea.

Mlangoni akasimama ghafla. Klarineti ile ile ilikuwa inatoka ndani ya nyumba! Kumbe Querétaro yenyewe ni hapa. Hakubisha hodi, alisukuma mlango.

Evaristo alikuwa peke yake sebuleni, fulana imelowa jasho, amekumbatia mgongo wa kiti. Suruali imekunjwa upande wa kushoto. Chini ya goti hapakuwa na mguu. Palikuwa na chuma, na chini ya chuma kiatu kilichopigwa rangi vizuri.

Pepeo likamdondoka Eréndira.

"Mungu wangu! Evaristo, mguu uko wapi?"

"Umebaki hospitali," akasema bila kumtazama. "Kisukari. Kidonda cha kidole tu, kikapanda."

"Na hatua nilizokuwa naona tangu Juni?"

"Za Chayo. Alikuwa anakivaa akienda sokoni, usije ukashtuka. Leo tu ndiyo nimekivaa mwenyewe."

"Kumbe nilikuwa nambembeleza wifi!" Eréndira alicheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka hasira. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipenda nikicheza. Nikasema nitarudi siku nitakayoweza kucheza, au nisirudi kabisa."

"Ukaniamulia! Mimi nina miaka mingapi hata uniamulie?"

Eréndira akafuta macho, akakisukuma kile kiti pembeni kwa goti, akakaa mahali pake mikononi mwa Evaristo.

Jumamosi wakaenda Ciudadela. Evaristo alivaa tai, akitembea polepole, mkono umeng'ang'ania mkono. Kabla ya danzoni mkuu wa bendi humtaja anayetunukiwa wimbo, na siku hiyo akauita umati wote kwa sauti:

"Familia! Danzoni hii ni ya Bibi Eréndira Zúñiga, na Evaristo mchumba wake, wanaooana Januari!"

Evaristo akamgeukia Eréndira. "Nani kasema tunaoana?"

"Mimi. La mguu uliniamulia bila kuniuliza. La ndoa nimekuamulia mimi. Una neno?"

Muziki ukamwahi. Walicheza, chuma kikichelewa kidogo kila pigo, hadi mapumziko yakafika, wakasimama bega kwa bega kama watu wote. Eréndira alikunjua pepeo, ajipepee. Alipomwona Evaristo machozi yanamtiririka masharubuni, akampepea yeye.

"Sina neno," Evaristo akasema.

"Basi panguza uso, mume wangu. Tunaingia."