Mtindi Huu Siutupi

Kikopo cha nne cha mtindi kilipoingia guniani, fundi alikitoa. Cha tano kilipoingia, alikitoa pia.

“Wifi, niache nifanye kazi,” alisema dada wa mume wake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya friji, mikono ya gauni lake la ofisini ameikunja hadi viwikoni.

“Kazi gani? Friji yangu, chakula changu, gunia langu. Chako hapa ni hasira tu.”

Wifi alikuwa karani. Kutwa alipiga mihuri ya tarehe kwenye barua, na kwake tarehe ilikuwa ndilo neno la mwisho. Fundi naye alikuwa mshonaji. Nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo cherehani yake ilikaa jikoni, hatua tatu kutoka kwenye friji. Kwa fundi hakuna kitambaa cha kutupwa. Hata kipande cha kiganja kilitosha kuwa mfuko wa shati.

Kati yao, kwenye kiti chenye mto, alikaa Mzee. Alikuwa baba wa wifi na mkwe wa fundi. Mwanawe, mume wa fundi, alikuwa dereva wa lori na wiki hiyo alikuwa safarini. Mzee alikuwa ameharisha siku mbili mfululizo. Leo alikuwa na nafuu, lakini mashavu yalikuwa yamebonyea.

“Soma hapa,” wifi alisema, akiinua kikopo. “Tarehe imepita siku nne. Nne! Ndiyo maana baba yangu nusura atutoke.”

“Baba hakula mtindi huu. Alikunywa maziwa.”

“Maziwa na mtindi si ni mama mmoja?”

“Basi mfuate na ng'ombe, umtie guniani.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wifi hakucheka.

“Nikimaliza hapa naondoka na Baba,” alisema. “Atakaa kwangu. Nyumba hii inalisha watu uozo.”

Fundi alimpokonya kile kikopo. Miaka mitatu alikuwa amemwogesha Mzee huyu, amemkata kucha, amemkumbusha dawa zake asubuhi na jioni. Leo anaambiwa anamlisha uozo. Alikiweka kikopo mezani kwa kishindo.

“Baba haendi popote,” alisema. “Na mtindi huu siutupi.”

“Nyie wanangu,” Mzee alisema, “mimi nina miaka themanini na miwili. Tarehe yangu imepita zamani. Mtanitia guniani na mimi?”

Hapo mlango uligongwa. Alikuwa jirani, amekuja kuchukua koti lake la kazi lililokuwa likishonwa mfuko. Watu walimwita Kipimajoto. Alifanya kazi getini kwenye kiwanda cha maziwa. Hakuna tangi la maziwa lililoingia kiwandani kabla hajalitumbukizia kipimo chake cha joto. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na kipimo alitembea nacho mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu.

Kila mmoja alimwelezea upande wake, wote kwa wakati mmoja. Kipimajoto alisikiliza mpaka mwisho.

“Nyie mmesema,” alisema. “Sasa tuiulize friji.”

Alikiosha kipimo chake kwa maji ya moto. Kwanza alikitumbukiza kwenye jagi la maziwa lililokaa kwenye rafu ya mlango. Walingoja.

“Nyuzi kumi na mbili,” alisema. “Maziwa yanataka nne, au chini ya hapo.”

Kisha akatoa kikopo cha mtindi kilichokuwa bado ndani kabisa, rafu ya chini. Akakifungua, akakiosha kipimo tena, akapima.

“Nne. Friji moja, lakini ndani kuna misimu miwili. Mlangoni kiangazi, chini kipupwe.”

Alichukua kipande cha karatasi, akakibana kwa mlango wa friji. Akakivuta kwa vidole viwili. Kilitoka bila kung'ang'ania.

“Mpira wa mlango umejaa uchafu, haubani. Joto linaingia hapa kutwa.” Akalitazama lile jagi. “Hili huoshwa lini?”

“Maziwa yakiisha,” fundi alijibu.

“Na huisha lini?”

Fundi aliigeukia cherehani yake.

“Hayaishi,” Mzee alijibu kwa niaba yake. “Yakipungua anamimina mengine juu. Na mimi nachota kwa kikombe changu.”

“Basi maziwa ya leo yanalala kitanda kimoja na ya wiki iliyopita,” Kipimajoto alisema. “Kilichoharibika kinamharibu mwenzake. Na kikombe kilichogusa mdomo kinaongeza vijidudu vingine.”

“Nilisema mimi!” wifi alidakia.

“Ulisema ni mtindi, dada. Ngoja kwanza. Hizi paketi za maziwa zimekatwa pembe. Tarehe ziko wapi?”

Fundi aliutazama mkasi wake wa kushonea. Hakuwa mtu wa kuficha jambo.

“Nilizikata. Kila wifi akija anasoma tarehe kwa sauti kama anasoma hukumu. Nikachoka kutawaliwa na wino.”

“Hapo umejikata mwenyewe,” Kipimajoto alisema kwa upole. “Ulikata namba pamoja na maneno yake, na maneno ndiyo yenye habari. Paketi nyingine huandikwa ‘bora kabla ya’. Maana yake ni kwamba hadi siku hiyo ladha iko kamili. Ikipita, chakula kinaweza bado kuwa kizima, mradi hakijafunguliwa na kimekaa kwenye baridi. Nyingine huandikwa ‘tumia kabla ya’. Hiyo ni habari ya usalama. Siku ikipita, hakuna mjadala. Sasa hizi zako ni zipi?”

“Sijui. Lakini nitazinusa. Pua yangu haijawahi kunidanganya.”

“Pua ni askari mzuri, lakini kuna wezi wasionuka. Vijidudu vingine vinavyoumiza tumbo havibadilishi harufu wala ladha.”

Fundi aliisogelea friji. Kisha alizichukua zile paketi tatu, moja baada ya nyingine, akazimwaga kwenye sinki kwa mkono wake mwenyewe. Akafuatisha jagi. Alipogeuka, macho yalikuwa makavu na kidevu kiko juu.

“Nimemwaga ya kwangu,” alisema. “Sasa nieleze kuhusu mtindi. Mifuniko yake sikuigusa.”

Kipimajoto alisoma mfuniko. “Umeandikwa ‘bora kabla ya’. Siku nne zimepita. Kikopo hakijavimba, hakijatoboka, kimekaa kwenye nyuzi nne.” Akanusa kile alichokifungua, akaonja kwa kijiko. “Mzima. Haya maji ya juu si ubovu, unayakoroga tu. Ukiona umevimba, una ukungu au unanuka vingine, tupa wote. Usichote ukungu ukala uliobaki.”

“Umesikia?” fundi alimwambia wifi. “Mzima!”

“Na wewe sikia,” Kipimajoto alimgeukia. “Mzee, mjamzito na mtoto mchanga, miili yao haina nguvu ya kupigana. Kwa hao usizidishe siku. Mpe Mzee ulio ndani ya tarehe. Uliopita, kaleni nyie, au pika keki.”

“Kwa hiyo maziwa ndiyo yaliyomharisha?” wifi aliuliza.

“Siwezi kuapa. Sikuwa tumboni mwake. Anywe maji mengi, na akiharisha tena mpelekeni zahanati. Lakini jagi hilo, mimi getini kwangu lisingepita.”

Wifi alisimama, akashusha mikono ya gauni. “Bado nataka kuondoka na Baba.”

“Nipe wiki moja,” fundi alisema. “Jumamosi njoo bila hodi. Pekua mpaka uvunguni. Ukikuta maziwa ya kumwumiza Baba, nitamfungia mzigo mwenyewe. Ukikosa, hilo neno lako la uozo utalimeza hapa hapa.”

“Nitakuja,” wifi alisema.

Wiki hiyo maziwa yalikaa kwenye paketi yake, rafu ya chini, kwa ndani. Ya zamani yalikaa mbele, mapya nyuma. Kila paketi iliyofunguliwa, fundi aliifunga kipande cha utepe mweupe na kuandika siku kwa kalamu. Mkasi haukuisogelea tarehe tena. Mzee alimiminiwa maziwa kikombeni, hakuchota. Alijipa cheo cha ulinzi wa friji, na kila asubuhi alisoma tepe kwa sauti kubwa kuliko binti yake.

“Imefunguliwa Jumanne! Leo Alhamisi! Mwenye paketi ajitokeze!”

“Mwenye paketi anashona, Baba.”

Siagi iliyopita tarehe yake ya ubora, ikiwa imefungwa vizuri na haina harufu mbaya, iliingia kwenye keki. Kipande cha jibini gumu kilikuwa na doa la ukungu. Fundi alikata doa lile na unene wa kidole gumba kuzunguka na chini yake, bila kisu kugusa ukungu. Lakini jibini laini lenye ukungu alilitupa lote. Alilitupa akinung'unika, lakini alilitupa.

Jumamosi wifi alikuja bila hodi, kama alivyoruhusiwa. Mzee alikuwa mlangoni amesimama, mashavu yamerudi. Wifi alimsalimu, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Alipekua rafu zote. Aligeuza tepe. Alipitisha kidole kwenye pembe. Mwishowe akatoka na kikopo kimoja.

“Hiki! Siku kumi na moja zimepita!”

“Hicho ni changu, si cha Baba. Kina baridi?”

“Kina.”

“Kimevimba?”

“Hapana.”

“Kifungue.”

Wifi alikifungua. Alinusa kwa muda mrefu. Alichukua kijiko, akaonja kidogo kwenye ncha ya ulimi, kisha akaonja tena na tena.

“Hicho ni kijiko cha nne,” Mzee alisema.

“Ninahakikisha, Baba.”

“Hakikisha mpaka chini. Mimi siondoki.”

Wifi aliweka kikopo kitupu mezani. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliuona mlango wa friji umeachwa wazi kidogo, na beseni la maji ya sabuni pembeni. Mpira wa mlango ulikuwa umesuguliwa upande mmoja. Fundi alibana karatasi upande huo, akavuta. Karatasi ilichanika, haikutoka. Upande wa pili bado ulikuwa mweusi, na gauni la mteja lilikuwa linangoja chini ya sindano.

“Huo mwingine?” wifi aliuliza.

“Kesho.”

“Kesho sina kazi. Nitakuja na brashi yangu.”

Fundi alifunga mlango wa friji, akauegemea kwa bega.

“Njoo,” alisema. “Njoo usugue. Lakini kutupa kitu humu ndani, mpaka uniulize mimi.”