Mgeni wa Siku Saba

Haya, wewe uliye karibu nami, fumbua hili: nina nyumba yenye milango mitano, haina jiko wala kitanda, na mwenyewe hulala nje yake. Ni nini? Umeshindwa? Mji usinipe, miguu yangu haina tena nguvu za kuutawala. Ni gari, mjukuu wangu. Gari dogo la kifahari, na mlango wa tano uko nyuma, kwenye buti. Mlango huo ndio uliowatenganisha watu wawili.

Mwanamume alikuwa mpima magari. Gazeti lilimpa gari jipya kila wiki, aliendeshe siku saba kwenda kazini, sokoni na hospitali, kisha awaambie wasomaji kama linafaa kwa kila siku. Adhuhuri moja alikuwa kwenye maegesho ya soko kuu, anahangaika kuingiza kiti cha magurudumu ndani ya buti la kijigari chekundu. Honi zinalia nyuma yake. Shati jeupe limemganda mgongoni.

"Kaka, unapakia au unapigana?"

Aligeuka. Akamwona msichana mwenye gauni la buluu, jora la kitambaa begani, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu. Alikuwa fundi mapazia.

"Napima, dada."

"Kwa jasho? Sogea." Akavua futi, akapima kiti, akapima buti. "Kinazidi vidole vinne. Ng'oa vyuma vya kuwekea miguu kwanza."

Kiti kikaingia kama kimeitwa.

"Cha nani?"

"Cha mama yangu. Gari lisilo na nafasi ya mama, kwangu halifai kitu."

"Na mwanamke asiye na nafasi ya mama?"

"Huyo bado sijampima," alisema, na wote wawili wakacheka huku honi zikizidi.

Akawa anamwita Futi. Naye akamwita Bwana Honi. Kila mchana simu zililia.

"Futi wangu, umekula?"

"Nimekula sindano. Na wewe, laazizi?"

"Mimi nimekula foleni, tena sahani mbili."

Mara tatu msichana alikwenda kumsalimia mama wa Bwana Honi, na mara ya pili alikuwa ameshaosha vyombo. Mama, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kikubwa, hata hivyo hakuacha kumwita "mgeni wangu". Jumatatu moja mama aliichukua simu ya mwanawe.

"Mgeni wangu, huyu anasema anataka kukuoa. Nami siwezi kubaki peke yangu, nitahamia kwenu. Sasa niambie, dirisha langu utalishonea pazia la rangi gani?"

Msichana akaona aibu, akacheka. "Mama, jibu hilo si la simu. Nitakuja Jumamosi nikujibu uso kwa uso."

Sasa sikiliza kosa. Kule gazetini, gari la kupimwa waliliita mgeni, tena walilisema kama mtu: mgeni amefika, mgeni ana kikohozi, mgeni anarudi kwao. Mzaha wa ofisini tu. Bwana Honi hakuwahi kumwambia mpenzi wake. Nani hupeleka mizaha ya ofisini kwa mpenzi?

Alhamisi ya wiki ile ile akamchukua kwa gari la kijivu. Loo! Viti vya ngozi, vioo vyeusi, ukimya wa chumba kilichofungwa. Kwenye matuta lakini lilirusha mtu.

"Zuri," msichana alisema, "ila huku nyuma mtu akikaa, magoti yatamfika kidevuni."

"Umeona eh? Ngoja nimchukulie mama dawa, narudi sasa hivi."

Aliposhuka, msichana alifungua kasha la mbele kutafuta karatasi ya kufutia mikono. Akakuta daftari. Mwandiko aliujua.

*Mgeni ni mrembo, ana sauti ya chini, watu wanageuka kumtazama. Lakini kwa maisha ya kila siku? Hana nafasi ya Mama. Nimemjaribu mara tatu. Ijumaa namrudisha kwao, ingawa roho inauma.*

Mara tatu. Alihesabu zile ziara zake, zikatimia tatu. Akalirudisha daftari mahali pake, akafunga mlango polepole, akaondoka kwa miguu.

Simu ikalia.

"Futi, uko wapi? Nimerudi sikuoni."

"Nimejirudisha kwetu mwenyewe, nisikupe taabu ya Ijumaa."

"Ijumaa gani tena?"

"Na nafasi ya mama yako usiipime kwangu tena."

Mwanamume alisimama na mfuko wa dawa mkononi. Alielewa neno moja tu: mama yake hatakiwi. Hilo likamchoma, hakuuliza zaidi. Hakupiga tena.

Msichana akachukua kazi ya mapazia ya hoteli katika mji mwingine. Miezi mitano alishona bila kuimba. Siku moja, akisubiri kung'olewa jino, alifunua gazeti kuukuu mezani. Gari la kijivu likamtazama. Juu yake imeandikwa: *Mgeni wetu wa wiki.* Na chini, neno kwa neno, *hana nafasi ya Mama: kiti cha magurudumu hakiingii bila kulaza kiti cha nyuma.*

Jino akaliacha. Akatoka nje, akapiga.

"Halo?"

"Bwana Honi, ni mimi. Nilisoma daftari lako. Nilidhani mgeni ni mimi."

"Wewe? Mungu wangu. Na mimi nilidhani mama humtaki."

"Nipe niongee naye. Nimwombe radhi."

"Futi... Mama ametutoka. Leo wiki tatu."

Msichana alifika kesho yake asubuhi, kitenge cheusi, macho yamevimba. Bwana Honi alikuwa amekonda, kola imempwaya. Hawakukumbatiana. Alimwongoza hadi chumba cha mama. Kitanda kimetandikwa, kiti cha magurudumu kimekunjwa ukutani, dirisha li wazi, halina pazia.

"Kila Jumamosi alinituma nitazame mlangoni," alisema mwanamume. "Aliniuliza, mgeni wangu hajaja kunijibu?"

Msichana akapiga magoti mbele ya kile kiti, akashika mkono wake mtupu wa chuma.

"La manjano, mama," alisema. "Nilikuwa nimeshalikata."